Uzazi wa Malkia wa Nyuki Mpakani mwa Busia na Tororo

Malkia wa nyuki hupandwa angani, mbali na mzinga wake, tena katika siku chache tu za ujana wake. Akishaanza kutaga, hatoki tena kutafuta madume mpaka kufa kwake. Mbegu alizopokea katika alasiri hizo chache hukaa hai mwilini mwake miaka miwili, mitatu, pengine zaidi, na kila yai litakalotoa nyuki wa kike hurutubishwa kutoka katika akiba hiyo. Ndiyo maana ukali wa kundi, bidii yake ya kukusanya asali, ustahimilivu wake wa magonjwa na wepesi wake wa kuhama hutokana nusu na malkia, nusu na madume ambao mfugaji hakuwachagua na kwa kawaida hakuwaona.

Katika ukanda wa Busia na Tororo jambo hili lina uzito zaidi. Mpaka wa Kenya na Uganda unakatiza katikati ya mji wa Busia, na huko Malaba ni mto na daraja. Watu na malori husimama kukaguliwa, nyuki hawasimami. Malkia aliyelelewa katika mzinga ulioning'inizwa kwenye mwembe upande wa Uganda anaweza kupandwa alasiri moja na madume waliotoka Matayos au vijiji vya Teso Kusini upande wa Kenya, pamoja na wengine waliozaliwa katika tundu la mti lisilo na mwenyewe. Kwa upande wa mama, mfugaji anaweza kusema nyuki ni wake. Kwa upande wa baba, nyuki wa eneo hili ni wa kila mtu.

Nyuki wa tambarare hizi, zilizo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, ni wa nususpishi iitwayo Apis mellifera scutellata, nyuki wa savana za Afrika Mashariki na Kusini. Ni mdogo kidogo kuliko nyuki wa Ulaya, huongezeka upesi, huhama upesi akikosa maji, chakula au utulivu, na akichokozwa hana msamaha. Upande wa kaskazini, juu katika misitu ya Mlima Elgon ambao wenyeji wengi huuita Masaba, anaishi nyuki mwingine, monticola, mweusi zaidi na mpole zaidi. Huyo alielezwa kisayansi mwaka 1961 na F. G. Smith, ofisa wa ufugaji nyuki wa Tanganyika. Nyuki hawa wawili watarejewa mbele, kwa kuwa upole wa yule wa mlimani ndio uliowaleta wazungu wenye sindano za kutia malkia mbegu katika mlima huo.

Ili kuelewa kupandana kwa malkia, sharti kwanza kuelewa dume ni nani. Yai la malkia likirutubishwa hutoa nyuki wa kike, ambaye kwa chakula cha kawaida huwa mfanyakazi na kwa maziwa mengi ya nyuki huwa malkia. Yai lisilorutubishwa halifi, hutoa dume. Jambo hilo liligunduliwa mwaka 1845 na Johann Dzierzon, padri mfugaji nyuki wa Silesia, na halikukubaliwa kirahisi na wakubwa wa sayansi. Dume basi hana baba. Ana mama na babu mzaa mama, na hubeba nakala moja tu ya kila kromosomu, zote kutoka kwa mama yake. Mbegu zote za dume mmoja ni sawa kabisa, kwa kuwa hana namna mbili za kugawanya. Atakayesahau jambo hili hataelewa kwa nini kuboresha nyuki ni kazi ngumu kuliko kuboresha ng'ombe.

Malkia huchukua siku takriban 16 tangu yai kutagwa hadi kutoka katika seli yake; nyuki wa Afrika huwahi kidogo. Dume huchukua siku 24, kisha huhitaji siku kumi na mbili hivi zaidi ili mbegu zake zikomae. Malkia aliyetoka selini huwa tayari baada ya siku tano au sita. Hutoka mlangoni, huuzunguka mzinga kwa safari fupi za kujifunza alama za mahali, kisha katika alasiri yenye jua na upepo mdogo huondoka kwenda kupandwa. Saa zake ni zile za madume, kwa kawaida kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja. Katika eneo lililo karibu na Ziwa Viktoria, ambako mawingu ya mvua hupenda kukusanyika mchana, saa hizo ndizo hasa ambazo radi huanza kunguruma. Mvua ikifululiza alasiri nyingi, malkia hukaa ndani, na kukaa huko kuna mwisho wake: baada ya wiki tatu au nne bila kupandwa, hamu ya kuruka humtoka na huanza kutaga mayai yasiyorutubishwa. Mzinga wa namna hiyo hujaa madume na hufa polepole.

Madume hawasubiri mlangoni mwa mzinga wa malkia. Kila alasiri hujaza asali tumboni, huruka hadi mahali fulani pa wazi, huzunguka huko nusu saa hivi, hurudi kujaza tena, na kutoka tena. Mahali hapo, uwanja wa madume, pana upana wa makumi ya mita hadi mita 200 hivi, na madume huzunguka kati ya mita 10 na 40 kutoka ardhini. La kustaajabisha ni kwamba viwanja vingi hubaki palepale mwaka baada ya mwaka, ingawa dume huishi wiki chache na hakuna wa mwaka jana aliyebaki kumwonyesha wa mwaka huu njia. Umbo la ardhi na mstari wa upeo, yaani vilima, mabonde na mapengo kati ya miti, huonekana kuwaongoza. Katika nchi yenye Mwamba wa Tororo uliosimama peke yake juu ya tambarare na vilima vya Samia upande wa kusini, alama za namna hiyo hazikosekani.

Uwanja mmoja hukusanya madume wa makundi mengi mno. Uchunguzi wa vinasaba uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 1998 ulikadiria kuwa madume wa uwanja mmoja walitoka katika makundi yapatayo 240. Faida yake ni dhahiri: malkia akienda huko, uwezekano wa kukutana na ndugu yake ni mdogo. Dume kwa kawaida haendi mbali sana. Malkia huweza kwenda kilomita mbili, tatu, na katika majaribio ya Kanada ya miaka ya 1950 malkia walipandwa hata pale madume walipowekwa umbali wa kilomita zaidi ya 10.

Malkia akiingia uwanjani, harufu yake huwavuta madume kutoka upande upepo unakoelekea. Mwaka 1962 mtafiti wa Marekani, Norman Gary, alionyesha kuwa kiini cha harufu hiyo ni asidi itokayo katika tezi za mataya ya malkia. Ndani ya mzinga asidi hiyo hiyo huwatuliza wafanyakazi na kuwazuia wasilee malkia mwingine. Nje, juu angani, huwatia wazimu madume. Hao humfuata kwa wingi nyuma yake kama mkia wa kimondo. Wakishakaribia, macho huchukua nafasi ya pua: macho ya dume ni makubwa hadi yanakutana utosini, na kazi yake kubwa ni kuona kidoa cheusi kinachokimbia mbele ya anga jeupe.

Dume wa kwanza kufika humkumbatia malkia kwa nyuma, hutoa uume wake kwa nguvu kutoka ndani ya tumbo, na papo hapo hupooza na kuanguka kinyumenyume. Tendo zima ni la sekunde chache. Sehemu ya uume wake hukatika na kubaki mwilini mwa malkia, naye hufa. Zamani ilidhaniwa kuwa mabaki hayo ni kizibo cha kuwazuia wengine, lakini sivyo: dume anayefuata huyatoa na kuendelea. Kwa safari moja hadi tatu malkia hupandwa na madume 10 hadi 20, wakati mwingine zaidi. Wafugaji hulitambua tukio hilo malkia anaporudi na alama nyeupe ikimning'inia mwishoni mwa tumbo, ambayo wafanyakazi humsaidia kuiondoa.

Kila dume humwachia mbegu milioni kadhaa, hivyo malkia hurudi na mbegu nyingi kuliko anavyoweza kutunza. Katika muda wa siku moja na nusu au mbili sehemu ndogo tu, milioni tano hadi saba, huingia katika kifuko cha mbegu, mfuko wa duara mdogo kuliko kichwa cha pini. Nyingine zote hutupwa nje. Mbegu za madume mbalimbali huchanganyika humo, na ndani ya mzinga mmoja kunakuwa na koo nyingi za dada wasio wa baba mmoja.

Kwa nini malkia ajihatarishe kwa ndege na mvua kutafuta madume wengi namna hiyo, wakati dume mmoja angetosha kujaza kifuko? Jibu limetokana kwa sehemu kubwa na uhimilishaji, yaani kumtia malkia mbegu kwa mkono wa mtu badala ya kumwacha aruke. Mwaka 2007 Heather Mattila na Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha matokeo ya kulinganisha makundi ambayo malkia wake walipewa kwa sindano mbegu za dume mmoja na yale ya malkia waliopewa mbegu za madume 15. Makundi ya baba wengi yalijenga masega mengi, yaliweka akiba kubwa ya chakula na kukua upesi; ya baba mmoja hayakumaliza majira ya baridi. Katika kundi lenye koo nyingi, wengine husikia joto mapema na kupepea, wengine hutafuta chavua, wengine husafisha majana wagonjwa. Kazi hupata wenyewe kabla haijazidi.

Ipo sababu nyingine, nayo ni ya hatari. Jinsia ya nyuki huamuliwa na jeni moja yenye namna nyingi, iliyotambuliwa mwaka 2003 na kundi la Martin Beye. Yai likipata namna mbili tofauti huwa jike. Likipata namna mbili zinazofanana, jambo linalotokea malkia akipandwa na dume mwenye namna sawa na yake, hutoa dume asiye na faida, na wafanyakazi humla akiwa bado buu mchanga, kama alivyoonyesha Jerzy Woyke wa Poland mwaka 1963. Malkia aliyepandwa na dume mmoja tu, naye wa namna hiyo, hupoteza nusu ya majana yake. Sega lake huonekana na matundu matupu kila mahali. Mfugaji anayezalisha malkia kutoka mzinga mmoja tu mwaka hadi mwaka, mbali na madume wengine, huelekea huko. Mpakani mwa Busia na Tororo, hata hivyo, hatari hii ni ndogo, kwa kuwa madume wa mwituni wapo kila pembe. Uhuru ule unaomnyima mfugaji uchaguzi ndio unaomlinda.

Kwa karne nyingi hakuna aliyejua haya. Anton Janša, Mslovenia aliyekuwa mwalimu wa ufugaji nyuki mjini Vienna, aliandika mwaka 1771 kwamba malkia hupandwa nje ya mzinga. François Huber wa Geneva, aliyekuwa kipofu na aliyetegemea macho ya mtumishi wake François Burnens, alithibitisha hilo kwa kuwazuia malkia wasitoke. Wote waliozuiwa walibaki bila mbegu. Huber alijaribu pia kumpaka malkia shahawa kwa burashi ndogo, akashindwa. Wengi waliomfuata walijaribu kuwafungia malkia na madume ndani ya vibanda, mahema na vyumba vya kioo, wakaambulia madume waliojigonga kwenye kuta. Nyuki hawakubali kupandana mahali padogo, na hilo halijabadilika.

Mafanikio ya kwanza ya kuaminika yalikuja Marekani katika miaka ya 1920, Lloyd Watson wa Cornell alipotumia sindano nyembamba ya kioo chini ya hadubini. Hata hivyo malkia wake wengi walipata mbegu kidogo mno. Sababu iligunduliwa na Harry Laidlaw: ndani ya njia ya uzazi ya malkia kuna mkunjo wa nyama unaofunga mlango, na sindano isipousogeza shahawa hurudi nje. Kisha Otto Mackensen akaonyesha katika miaka ya 1940 kuwa hewa ya kabonidioksidi, inayotumiwa kumlaza malkia, ina kazi ya pili: humfanya aanze kutaga mapema. Malkia aliyehimilishwa bila hewa hiyo huweza kukaa wiki nyingi bila kutaga hata yai moja. Tangu hapo kazi imeboreshwa katika vifaa, ila misingi yake ni ileile.

Leo uhimilishaji huendeshwa hivi. Madume waliokomaa, wenye umri wa wiki mbili hadi tatu, hukamatwa na kuwekwa katika kitundu chenye nafasi ya kuruka ili wajisaidie kwanza, kwa kuwa kinyesi kikigusa shahawa huleta maradhi. Mtaalamu humshika dume kwa vidole na kumminya kifua. Uume hutokeza nusu. Akiendelea kuminya tumbo kwa uangalifu, hutokea wote, na juu ya ute mweupe huonekana tone dogo la rangi ya maziwa yenye chai. Tone hilo ndilo linalotakiwa, nalo halizidi sana mikrolita moja. Ncha ya sindano huligusa na kulivuta bila kuuchukua ule ute, ambao huganda na kuziba mrija. Madume wengi, hasa wachanga, hawatoi kitu, na dume aliyetoa hufa. Kupata mikrolita 8 hadi 12 zinazomtosha malkia mmoja huhitaji madume kumi na zaidi wenye mafanikio, na mikono isiyotetemeka.

Malkia huingizwa katika kijirija kinachomwacha mwisho wa tumbo nje, na kabonidioksidi hupitishwa humo taratibu hadi alale. Vikulabu viwili, kimoja kwa mwiba na kingine upande wa tumbo, hufungua chumba cha mwiba. Chini ya hadubini mtaalamu hupitisha ncha ya sindano juu ya mkunjo wa Laidlaw, huiingiza nusu milimita au zaidi kidogo, na kuisukuma shahawa. Ikirudi nje, ncha haikupita mkunjo. Yote haya yakienda vyema huchukua dakika chache. Malkia hupewa kabonidioksidi mara ya pili, siku moja kabla au baada, hutiwa alama mgongoni, na mlango wa mzinga wake huwekewa wavu ambao mfanyakazi hupita naye hapiti, asije akatoka siku ya pili na kuharibu hesabu zote kwa kupandwa na madume wa kijiji.

Shahawa ya nyuki ina ukarimu mmoja: ikifungwa vizuri katika mrija wa kioo na kuwekwa mahali pasipo joto kali wala baridi kali, hubaki hai wiki mbili hivi. Huweza kupanda ndege bila barafu. Uhifadhi katika naitrojeni ya kimiminika, unaojulikana vyema na wafugaji wa ng'ombe wa Tororo na Busia, unawezekana kwa nyuki pia, ingawa mbegu nyingi hufa. Kwa ng'ombe, fahali mmoja hutosha majike maelfu. Kwa nyuki ni kinyume, jike mmoja hula madume kumi na zaidi, na hakuna hata mmoja wao atakayetumika mara ya pili.

Nyuki wa Elgon waliifuata njia hiyo ya ndege mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo Ulaya ilikuwa imeshtushwa na utitiri wa varoa, ambao huwanyonya majana na kueneza virusi, na baadhi ya wafugaji walitazama Afrika kutafuta nyuki wenye nguvu lakini wasio wakali. Bruda Adam, mtawa wa abasia ya Buckfast, Uingereza, aliyekuwa ameunda ukoo maarufu wa nyuki kwa kuchanganya aina nyingi, alifika Afrika Mashariki mwaka 1987 akiwa karibu na umri wa miaka 90 kumtafuta monticola. Muda mfupi baadaye wafugaji wa Uswidi, miongoni mwao Erik Österlund, walikwenda Mlima Elgon upande wa Kenya. Uzao wa monticola ulifika Uswidi, ukachanganywa kwa uhimilishaji na nyuki wa Buckfast, na ukoo uliotokea unaitwa hadi leo nyuki wa Elgon. Jina la mlima unaoonekana kutoka Tororo kukiwa hakuna mawingu limo basi katika daftari za wafugaji wa Skandinavia, huku katika vijiji vilivyo miguuni pa mlima huo wachache tu wakilijua. Safari kama hiyo leo ingehitaji vibali na makubaliano ya kugawana manufaa, chini ya Itifaki ya Nagoya iliyoanza kutumika mwaka 2014 na ambayo Kenya na Uganda zimejiunga nayo.

Sayansi ya baadaye iliongeza ajabu juu ya nyuki hao. Mwaka 2017 Andreas Wallberg, Matthew Webster na wenzao walichapisha usomaji wa jenomu za nyuki wa nyanda za juu na za chini kutoka Mlima Elgon na Mlima Kenya. Walikuta kwamba monticola na scutellata wanakaribia kuwa kitu kimoja, isipokuwa katika vipande viwili vikubwa, kwenye kromosomu ya 7 na ya 9, vinavyotofautiana sana. Maana yake ni kwamba malkia na madume wamekuwa wakipandana mlimani na tambarare kwa vizazi visivyohesabika na kuchanganya karibu kila kitu, lakini baridi ya juu imekuwa ikichuja na kushikilia vipande hivyo viwili. Uwanja wa madume huunganisha. Hali ya nchi hutenganisha.

Je, mfugaji wa Busia anayetaka nyuki wapole, kwa sababu shamba lake ni dogo na watoto hupita karibu na mizinga, hawezi kuletewa shahawa ya monticola kutoka mlimani? Kwa ufundi anaweza. Hesabu yake ndiyo haimsaidii. Malkia wa tambarare akihimilishwa kwa mbegu za mlimani, wafanyakazi wake watakuwa nusu kwa nusu. Binti zake wakilelewa kuwa malkia na kuruka wenyewe, watapandwa na madume wa Busia, na wafanyakazi wao watabaki na robo ya mlima. Kizazi kinachofuata ni sehemu moja ya nane. Wala madume wa yule malkia aliyehimilishwa hawatausambaza upole huo jirani, kwa kuwa dume hubeba urithi wa mama yake peke yake: mbegu alizodungwa malkia hazimo kabisa ndani ya wanawe wa kiume. Ni lazima uhimilishaji urudiwe kila kizazi, au lipatikane eneo ambalo madume wote wanajulikana. Wajerumani hutumia visiwa vya Bahari ya Kaskazini, na Bruda Adam alitumia nyika baridi ya Dartmoor tangu mwaka 1925. Kati ya Tororo na Ziwa Viktoria, ambako bumba la nyuki huingia katika kila gogo tupu na kila kichuguu kilichoachwa, mahali pa namna hiyo ni shida kupatikana.

Nguvu ya madume huru imewahi kuonekana kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr alipeleka Brazil malkia wa Afrika, karibu wote wa Afrika Kusini na mmoja wa Tabora, akikusudia kuwachanganya kwa uangalifu na nyuki wa Ulaya waliokuwapo. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka karibu na Rio Claro. Madume wao waliingia katika viwanja vya huko, na mwaka 1990 kizazi chao kilikuwa kimefika Texas. Mpango ulioanza kwa malkia waliochaguliwa mmoja mmoja ulishindwa na kupandana kwa angani.

Kuna pia suala la kuhama. Malkia aliyehimilishwa ni ghali kwa kazi na vifaa. Kundi la scutellata likisumbuliwa na siafu, ukame au mrinaji asiye na adabu, huondoka lote pamoja na malkia wake mwenye alama mgongoni. Aidha wafanyakazi mara nyingi humbadilisha malkia wa namna hii mapema wakihisi mbegu zake ni haba. Katika mifumo ya Ulaya na Marekani, ambako nyuki hukaa na malkia hununuliwa, hasara hiyo huvumilika. Kwa mfugaji mwenye mizinga kumi ya vijiti vya kuning'inizia masega, haivumiliki.

Hii haimaanishi kwamba sindano haina kazi hapa. Mahali pake ni katika taasisi za utafiti, ambako swali si kuuza malkia bali kujua: je, upole hurithiwa kwa kiasi gani, je, tabia ya kusafisha majana wagonjwa hutoka kwa baba gani? Tororo si ngeni kwa kazi ya namna hiyo. Shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa malale lilikuwa na makao yake huko, na mdudu wake, ndorobo, ni kinyume kamili cha malkia wa nyuki: jike wa ndorobo kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Tabia hiyo ilisaidia Unguja kusafishwa kati ya 1994 na 1997 kwa kumwaga madume tasa. Jijini Nairobi, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kina tangu 2014 maabara ya rejea ya Afrika kwa afya ya nyuki. Uchunguzi wa Kenya wa mwaka 2010 ulikuta varoa karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali, na makundi yakiendelea kuishi bila dawa. Urithi wa namna hiyo ni wa kupimwa kwa makini kabla ya kutamani wa kigeni.

Mfugaji wa kawaida anabaki na njia iliyo polepole zaidi, nayo ni kuongeza sauti ya mizinga yake mizuri katika uwanja wa madume. Makundi mapole na yenye asali nyingi huachiwa masega ya madume, zile seli kubwa zaidi ambazo wafugaji wengi huzikata kwa kudhani ni hasara. Makundi makali kupita kiasi hukatwa masega hayo, au hubadilishiwa malkia. Malkia wapya hulelewa kutoka katika mizinga miwili mitatu bora, si mmoja. Majirani wakifanya hivyo kwa pamoja, pande zote mbili za mpaka, madume bora huongezeka kwa kiasi kinachohisiwa baada ya miaka kadhaa; mfugaji mmoja akifanya peke yake, mbegu za mizinga yake humezwa.

Kalenda ndiyo inayowaangusha wengi. Dume huhitaji siku 24 selini na takriban 12 za kukomaa, jumla 36. Malkia, tangu yai hadi alasiri ya kupandwa, huhitaji siku 22 au 24 hivi. Mayai ya madume basi yanapaswa kuwa yametagwa wiki mbili au zaidi kabla ya yale yatakayotoa malkia. Kundi huanza kulea madume chakula kinapoingia kwa wingi, na huwafukuza kinapokatika. Kwa hiyo katika ukanda huu wenye mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli zinazofuata baadaye mwakani, malkia hulelewa pale maua yanapokuwa yamekwisha kuchanua, madume wakubwa wakionekana wakitoka na kuingia mizingani, na mvua za alasiri zikiwa zimeanza kupungua.